Mtoto Akae na Nani Kesi Ikingoja?

Swali hili linaletwa mara nyingi na vikundi: baba na mama wakiachana, mtoto ni wa nani? Wengine husema ni wa baba, maana ng'ombe walitolewa. Wengine husema mdogo ni wa mama, basi. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema wazazi wote wawili wana wajibu sawa, wawe walioana au hapana, na faida ya mtoto ndiyo inayotangulia. Sheria ya Watoto ya 2022 inafuata njia hiyo hiyo.

Sasa, kesi inaweza kuchukua miezi, na mtoto lazima alale mahali, ale, aende shule. Ndiyo sababu korti ya watoto huweza kutoa amri ya muda.

Tuseme mama amerudi kwao na watoto wawili. Siku moja baba anafika shuleni na kumchukua mkubwa. Chifu anaweza kuwaita na kuwapatanisha, lakini barua yake si amri ya korti. Mama apeleke ombi kortini pamoja na hati ya kiapo. Hakimu akiona kuna haraka, anaweza kutoa amri kabla baba hajasikizwa, kisha aweke tarehe ili baba naye aseme yake. Anaweza pia kumtuma afisa wa watoto aone nyumba zote mbili na kuandika ripoti. Asiye na wakili anaweza kujisemea mwenyewe. Abebe cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na karatasi za shule.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Aliyepewa mtoto kwa muda hudhani ameshinda kesi. Hajashinda! Hakimu hajaamua, ametaka tu mtoto asivutwe huku na huku kama kamba. Naye aliyenyimwa huona eti mzigo umemtoka, kumbe amri hiyo inaweza kumtaka alipe karo na chakula, na kumpa siku za kumwona mtoto.

Jumamosi ya kumwona ikifika, mama humficha mtoto kwa shangazi: "Hajaleta pesa ya unga!" Uchungu wake tunauelewa. Lakini pesa ni jambo moja na kumwona mtoto ni jingine. Asiyelipa ashtakiwe kwa kutolipa. Anayemficha mtoto anavunja amri, sawa na baba anayekataa kumrudisha jioni, na mvunja amri anaweza hata kufungwa. Mambo yakibadilika, rudi kortini uombe amri ibadilishwe.

Mtoto akiwa hatarini, piga 116, ni bure.

Kwa mkutano wenu: Mzazi akija kumchukua mtoto kwa nguvu, jirani afanye nini usiku huo? Ofisi ya afisa wa watoto iliyo karibu nanyi iko wapi, na nauli ni kiasi gani?