Somo: Nani Anasimulia?

Udada ni tamasha la filamu za wanawake lililoanzishwa Nairobi mwaka 2014. Jina lake linatokana na neno dada. Kwa nini wanawake watengewe tamasha?

Tuangalie mifano miwili. Mwaka 1992, Anne Mungai alitoa Saikati, hadithi ya msichana wa Kimaasai anayetoroka ndoa ya kulazimishwa. Mwaka 2008, Wanuri Kahiu alitoa From a Whisper, kuhusu shambulio la bomu la Agosti 7, 1998, katikati ya jiji letu. Mmoja wa wahusika wakuu ni binti anayemtafuta mamake. Habari zilihesabu waliokufa. Filamu ilionyesha waliobaki.

Filamu isiyopata ukumbi haimfikii mtazamaji. Tamasha huipa ukumbi.

Mkazi wa Satellite, ukitazama filamu jiulize: nani anasimulia, na nani hajasikika?