Eurostile: herufi za kesho zilizosubiwa Turin

Herufi pana zenye pembe zilizolainishwa zinapendwa sana na wenye karakana, maduka ya simu na watengenezaji wa michezo ya kompyuta. Mbunifu wa herufi anajibu maswali kuhusu fonti iliyoanzisha mtindo huo.

Fonti hii ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye kiwanda cha Nebiolo mjini Turin, Italia, kilichokuwa kikisubu herufi za risasi kwa ajili ya wachapaji. Mwaka 1952 wabunifu wake wawili, Alessandro Butti na Aldo Novarese, walitoa Microgramma, fonti ya herufi kubwa tupu. Mwaka 1962 Novarese aliirudia kazi hiyo, akaiongezea herufi ndogo, ikawa familia kamili iitwayo Eurostile.

Siri yake iko kwenye herufi O, ambayo si duara wala si mraba. Pande zake nne zimebinuka kidogo kuelekea nje na pembe zimelainishwa, sawasawa na kioo cha televisheni cha miaka ile. Novarese alichukua umbo la vitu vipya vya zama zake akalitia kwenye alfabeti nzima.

Mbona nikiiona nawaza vyombo vya anga?

Ni filamu zilizotuzoesha hivyo. Mwaka 1968 Stanley Kubrick alitoa *2001: A Space Odyssey*, na Eurostile nene na pana inaonekana kwenye skrini za kompyuta HAL 9000. Wabunifu wa filamu waliofuata walishika njia hiyo hiyo. Itazame *Moon* ya mwaka 2009. Dave Addey ameandika kitabu kizima kuhusu herufi za filamu za namna hii, *Typeset in the Future*, kilichotoka 2018.

Kuna jambo linalonivutia zaidi hapa. Kibao ambacho wanaanga wa Apollo 11 walikiacha mwezini mwaka 1969 kimeandikwa kwa Futura, fonti ya Mjerumani Paul Renner ya mwaka 1927, ambayo O yake ni karibu duara kamili. Kizazi cha Renner kiliiona kesho katika duara na pembetatu. Kizazi cha Novarese kikaiona katika kioo cha televisheni. Kila zama huchora kesho kwa maumbo iliyonayo mkononi.

Je, nikichora mstatili na kuzungusha pembe zake, si nimeshapata O?

Bado. Ukiunganisha mstari ulionyooka na kipande cha duara, jicho huona kinundu pale vinapokutana. Mkunjo unapaswa kuanza mapema, taratibu, kabla ya pembe yenyewe. Pili, mstari wa kulala ukiwa na unene sawa na wa kusimama, huonekana mnene zaidi. Kwa hiyo upunguze kidogo. Rula itakuambia umekosea, lakini msomaji hasomi kwa rula. Kazi ya fonti ya kijiometri ni kuonekana imepimwa, na ili ionekane hivyo lazima vipimo vipindishwe.

Nembo nyingi zinaondoa mstari wa katikati wa A. Niige?

Kwa Kiswahili, nakusihi usifanye hivyo. Mfano maarufu ni nembo ya NASA ya mwaka 1975, kazi ya ofisi ya Danne & Blackburn, ambayo A zake mbili hazina mstari. Iliondolewa 1992, ikarejea 2020 ubavuni mwa roketi ya Falcon 9. Ile inasomeka kwa sababu ni herufi nne tu, na jina lenyewe linajulikana dunia nzima.

Sasa andika KARAKANA YA MAGARI. Kati ya herufi 16, A ni saba. Ukizinyima zote mstari wa katikati, dereva anayepita kwa kasi ataona uzio wa vijiti. A ndiyo herufi tunayoitumia kuliko zote katika lugha yetu, na anayebuni kwa Kiswahili aanze na hiyo, aipe mwili unaosomeka, ndipo aende kwa nyingine. Ukitaka mbwembwe, zipeleke kwenye herufi isiyojirudia mara nyingi.

Niitumie wapi, na wapi nisiitumie?

Itumie kwenye neno moja hadi manne, kwa ukubwa: jina la duka, jalada la albamu, tangazo la mashindano, kichwa cha filamu. Maneno yetu ni marefu na herufi hizi ni pana, kwa hiyo pima nafasi kabla hujamwahidi mteja chochote. Usiitumie kwenye aya. Herufi zikishafuata umbo moja la mraba, O, D na sifuri hukaribiana, 8 nayo hufanana na B. Namba ya simu au ya malipo iandike kwa fonti nyingine, ya kawaida na iliyo wazi. Mteja akikosea tarakimu moja, pesa huenda kwa mtu mwingine.

Nitaipata bila kuvunja sheria?

Eurostile inauzwa, na leseni yake hulipiwa. Zipo mbili za leseni huria unazoweza kupakua bure: Michroma ya Vernon Adams, iliyochota kutoka Microgramma, na Orbitron ya Matt McInerney, yenye pembe kali zaidi. Kwa karakana ningechukua Michroma. Kwa mchezo wa kompyuta, Orbitron. Kabla ya kuamua, andika NG'OMBE kwa kila moja utazame kama ritifaa imekaa vizuri kati ya G na O au imeacha pengo. Ikiwa imeacha, isogeze kwa mkono.