UKARABATI WA MAKALAVATI YALIYOHARIBIKA: SOMO KUTOKA KYELA

Mchele wa Kyela unafahamika vyema hata Visiwani. Barabara unazopitia kabla ya kufika sokoni hazifahamiki kiasi hicho. Wilaya hiyo ya Mkoa wa Mbeya imelala katika tambarare ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, na hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Maji ya milima huteremka kwa mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Yakifika bondeni hupunguza kasi, huacha mchanga na kutapakaa. Barabara za huko, kama ile ya Ipinda hadi Matema, haziwezi kudumu bila ya makalavati, yaani mabomba ya zege yapitishayo maji chini ya tuta.

Wengi hudhani kalavati huvunjwa na uzito wa magari tu. Mara nyingi maji ndiyo yaliyotangulia. Maungio ya mabomba yakifunguka, udongo wa tuta huvutwa ndani kidogo kidogo, na nje ya bomba hubaki pango. Barabara huonekana nzima hadi siku lori la mpunga linapodidimia. Hapo kijiji hukatika, na mgonjwa hubebwa kwa machela. Dalili yake ni maji kuingia yakiwa safi na kutoka yakiwa na tope, au lami kubonyea juu ya bomba.

Ukaguzi hufanywa wakati wa kiangazi. Ufa mwembamba kama unywele si hatari kubwa. Ufa uliopanuka, unaovujisha maji au unaoonesha nondo zenye kutu, huo ni wa kushughulikiwa. Kwanza maji hugeuzwa njia na mchanga huondolewa. Zege lililooza hubanduliwa hadi kufikia lililo zima, nondo husuguliwa kutu, uso huloweshwa, kisha husiribwa kwa saruji kipimo 1 na mchanga safi vipimo 3. Kazi hiyo hufunikwa na kumwagiwa maji kwa siku 7. Fundi anayeiacha ikauke kwa jua ameharibu saruji ya Serikali.

Kusiriba ndani huku pango la nje likiachwa ni kupaka rangi nyumba isiyo na msingi. Pango hujazwa kwa uji wa saruji unaosukumwa kupitia matundu yaliyotobolewa katika bomba, taratibu, ili shinikizo lisilivunje.

Bomba lililodhoofika sana huweza kuingiziwa jingine jembamba, na nafasi iliyo kati yao kujazwa uji huo. Njia hii haihitaji kuchimba barabara, lakini katika bonde la mafuriko yataka hadhari: bomba la milimita 900 likitiwa la 750 hupoteza takriban asilimia 30 ya nafasi yake. Pale ambapo maji tayari hupanda juu ya barabara, ni afadhali kufukua na kuweka kalavati kubwa zaidi. Kuta za mwanzo na mwisho wa bomba, pamoja na sakafu ya mawe mahali maji yatokeapo, zijengwe upya katika kazi hiyo hiyo, kwani mmomonyoko huanzia hapo.

Kwa upande wa Kyela, barabara kuu na za mkoa zimo mikononi mwa TANROADS, na za wilaya ni za TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Mkaazi wa huko aonapo shimo juu ya kalavati humwarifu mtendaji wa kijiji. Wa Visiwani na amwarifu sheha wake, kabla ya masika.