SOMO: WATU WA BEROYA WALICHUNGUZA

Someni: Matendo 17:10–12; Kutoka 20:16; Kumbukumbu la Torati 19:15



Mtakatifu Paulo alipofika Beroya, watu walimpokea kwa moyo, lakini hawakuridhika na kusikia tu. Kila siku waliyafungua Maandiko wapate kujua kama aliyowaambia ni kweli. Mtakatifu Luka hawalaumu, anawasifu. Na mwisho wake wengi wao waliamini. Basi kuchunguza si adui wa imani.

Siku hizi habari huingia usiku na mchana katika simu zetu: dawa iponyayo kila ugonjwa, onyo lisilo na jina la mwandishi, picha ya zamani inayosemwa ni ya jana. Mgonjwa akiacha vidonge vyake vya sukari kwa ajili ya ujumbe kama huo, aweza kupoteza maisha. Naye aliyempelekea na aikumbuke amri ya tisa.

Je, kuchunguza kwaweza kufundishwa? Naam. Mwaka 2016 nchini Uganda, shule za msingi 120, zenye watoto zaidi ya 10,000 wa darasa la tano, ziligawanywa mafungu mawili kwa bahati nasibu. Fungu moja lilipewa masomo tisa na kitabu cha hadithi za picha, kuwafundisha watoto kupima madai juu ya tiba. Waliofundisha ni walimu wa shule hizo hizo. Katika mtihani wa mwisho, watoto 69 katika kila 100 walifaulu. Katika shule zisizopata masomo hayo walifaulu 27 tu.

Baadhi ya waliyojifunza ni haya:

1. Mtu mmoja kupona baada ya kunywa dawa fulani si ushahidi kwamba dawa hiyo ndiyo iliyomponya.

2. Tiba kutumiwa na wengi, au tangu zamani, hakuifanyi kuwa ya kweli wala ya salama.

3. Ni vema kuuliza: nani apata faida nikiamini?

Tuongeze la nne, ambalo Torati yatufundisha: tafuta shahidi wa pili. Hapo ndipo maktaba ifaapo. Mkutubi atakuonyesha kitabu chenye jina la mwandishi, mchapishaji na mwaka, nawe utalinganisha. Lakini angalieni: ujumbe ule ule ukiletwa na watu kumi, huo ni shahidi mmoja, si kumi.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

(a) Ni habari gani tuliyoipeleka kwa wengine juma hili bila kuichunguza?
(b) Watoto wetu wakituuliza, "Umejuaje?", twawajibu au twawanyamazisha?
(c) Shule ya Jumapili yetu yaweza kufanya nini?

Tuombe

Ee Mungu wa kweli, utupe masikio ya kusikia, subira ya kuchunguza, na ulimi usiomdhuru jirani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.