Rejeta Haipati Moto? Usianze na Pampu

Rejeta ya chumba cha mwisho ikibaki baridi huku ya sebuleni haishikiki, wengi wetu tunaoishi Uingereza huilaumu pampu au boila papo hapo. Lawama hiyo mara nyingi haina ushahidi. Pampu ikifa, kwa kawaida nyumba nzima hukosa joto. Zikiwepo hata rejeta mbili zinazochemka, maji yanazunguka. Cha kutafuta ni yanakoishia. Kwa hiyo, kabla ya kununua kifaa chochote, washa mfumo ukiwa umepoa kabisa, pita chumba hadi chumba ukigusa kila rejeta juu, chini na kwenye mabomba yake mawili, kisha andika ulichokuta.

Mpangilio wa joto hueleza mengi. Juu baridi na chini moto ni hewa: zima mfumo, acha upoe, fungua kivali cha juu kwa ufunguo wake mpaka maji yaanze kutoka, funga, kisha angalia geji ya boila, ambayo katika mifumo mingi isiyo na tangi darini husoma kati ya baa 1 na 1.5 maji yakiwa baridi. Rejeta moja ikiwa baridi yote, ng'oa kichwa cha vali chenye namba ubonyeze pini iliyo chini yake. Isiporuka juu yenyewe, imekwama (usiivute kwa koleo, maji yatakurukia). Chini katikati baridi na kingo moto ni habari nyingine: hapo limetuama tope jeusi, yaani chembe za chuma kilicholiwa na kutu, ambazo hata sumaku huzinasa. Kutoa hewa hakuliondoi. Tena, rejeta inayodai kutolewa hewa kila mara huenda inatengeneza haidrojeni kutokana na kutu hiyohiyo, basi usisogeze moto karibu unapoifungua.

Usipokuta dalili hizo, na rejeta zilizo karibu na boila ndizo moto huku za mbali zikipoa, tatizo ni mgawanyo. Maji hufuata njia yenye ukinzani mdogo. Rejeta za karibu hujaa kama daladala kituo cha kwanza, na za mbali hubaki kituoni. Dawa yake ni kuzibana za karibu. Kila rejeta ina vali ya pili iliyofunikwa kofia ya plastiki. Hesabu mizunguko yake ya sasa uiandike, funga, halafu fungua robo mzunguko. Za mbali ziache wazi. Funga vipimajoto kwenye bomba la kuingia na la kutoka la kila rejeta, rekebisha kidogo kidogo, na usubiri joto litulie kabla ya kugusa tena. Kwa boila za zamani tofauti iliyokusudiwa ni takriban nyuzi 11. Kwa za kisasa zinazovuna joto la moshi, inaweza kufika 20.

Mtu atauliza: kufunga vali kutaongezaje joto? Shika lile bomba la kurudi la rejeta ya karibu. Likiwa moto karibu sawa na la kuingia, maji yamepita bila kuacha joto lake chumbani, na kumpunguzia aliyezidishiwa hakumpunguzii raha. Mwingine atasema ongeza tu kasi ya pampu. Kasi huongeza maji katika njia zote kwa pamoja, kwa hiyo ya karibu bado huchukua fungu kubwa, na wewe unabaki na kelele na bili ya umeme. Pampu naishuku pale tu rejeta zote zinapokuwa vuguvugu, bomba la kutoka kwenye boila linaunguza, la kurudi ni baridi, na boila inajizima na kujiwasha ovyo. Na hata hapo tope linaweza kuwa limeziba njia.

Kusafisha mfumo mzima kwa mashine nako kuna mahali pake, rejeta kadhaa zinapokuwa na tope. Ikiwa ni moja, kuing'oa na kuisafisha bustanini kwa mpira wa maji kunatosha, mradi urudishe na dawa ya kuzuia kutu. Kifuniko cha boila ya gesi usikifungue: kazi hiyo kisheria ni ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe. Na kama umepanga nyumba England, sheria ya mwaka 1985 inamtaka mwenye nyumba atunze mfumo wa joto ufanye kazi sawasawa, hivyo mpelekee ile karatasi ya vyumba na joto lake.