Wakikuambia "Iko Muzuri", Usiamini Bado

Una wazo la tovuti. Tuseme ni ukurasa wa kuonyesha bei ya leo ya kobalti na shaba kwenye madepo ya Musompo, soko la madini la hapa Kolwezi, Kongo, ili mchimbaji ajue pa kupeleka magunia yake kabla hajalipia usafiri. Umemwonyesha rafiki, akasema "iko muzuri". Umemwonyesha shemeji, naye akasema "iko muzuri sana". Hiyo ni adabu tu. Kolwezi hakuna atakayekuvunja moyo usoni, hasa akijua umekesha na kompyuta usiku ule umeme ulipokuwepo.

Basi acha kuomba maoni. Uliza habari za jana.

"Utatumia tovuti hii?" ni swali bovu, maana jibu lake ni ndiyo kila siku. Uliza hivi: "Mara ya mwisho ulipouza, bei uliijuaje? Ulimpigia nani? Ulipita depo ngapi? Walikusomea tenere gani?" Mtu anayesimulia yaliyompata hana nafasi ya kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Sikiliza vizuri anapofika kwenye tenere, yaani asilimia ya madini iliyomo kwenye mawe yake. Ubao wa bei unaning'inia mbele ya depo, kila mtu anausoma bure. Kinachowauma wachimbaji wengi ni kile kimashine cha kupimia tenere wanachokiita Metorex, pamoja na mizani: bei ubaoni nzuri, tenere ikasomwa chini. Ukisikia hivyo kwa watu watatu mfululizo, tovuti yako ya bei inajibu swali ambalo hawakuuliza. Afadhali ujue hilo sasa, kabla hujalipia jina la tovuti.

Usione aibu kubadilisha wazo. M-Pesa yenyewe ilijaribiwa Kenya kuanzia Oktoba 2005 na watu wasiofika 500, na lengo lilikuwa kulipia mikopo midogo midogo. Watu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Wenye mradi wakawafuata, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani.

Sasa tuje kwenye jaribio lenyewe la tovuti yako. Usilifanye deponi, mnunuzi akiwa amesimama pembeni. Mchimbaji hatasema neno la bei mbele ya mtu atakayempimia mawe kesho. Mfuate anapokula bukari (ugali) mchana, au jioni mtaani kwake, Kasulo au Kapata. Mwambie wazi kwamba hutaandika jina lake.

Tumia simu yake. Yako ina kioo kizima, mwanga wa kutosha na mega (data) za kumwaga. Yake imepasuka pembeni, betri imebaki asilimia 12, na jua la saa saba linaipiga. Huko ndiko tovuti yako itakakoishi. Mnunulie mega kabla hamjaanza, na umwambie ni zake hata akisema kazi yako haifai kitu.

Mpe kazi moja: "Una gunia la asilimia mbili. Tafuta pa kuliuza leo." Kisha nyamaza. Hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Mimi nilikaa na kijana mmoja, dole gumba lake jeupe kwa vumbi, akabonyeza picha ya gunia niliyoiweka kama pambo. Akabonyeza tena. Mara ya tatu nikanyoosha mkono kumwonyesha kitufe cha kweli, na hapo hapo nikaliharibu jaribio. Picha ilikuwa kubwa na katikati, kitufe kidogo na chini. Aliyekosea ni mimi. Siku hizi mikono naiweka mfukoni.

Andika anachofanya, hata kidogo: amesita wapi, amerudi nyuma mara ngapi, amesoma neno gani kwa sauti. Usimwekee kamera usoni. Daftari linatosha.

Utagundua kwamba maneno yako ndiyo kikwazo kikubwa. Umeandika "bofya hapa" kama vitabu vya Dar es Salaam, naye kwake ni "finya". Umeandika "fedha", yeye anasema "makuta". Asilimia anaielewa, lakini tenere anaielewa upesi zaidi. Likimkwama neno, muulize: "Hiki wewe unakiitaje?" Chukua neno lake, libandike palepale.

Watu watano wanatosha kwa awamu moja. Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo haya, aliandika hivyo mwaka 2000, na kazini nimeona ni kweli: kufikia wa nne makosa yanaanza kujirudia. Ila watano hao wasiwe marafiki watano wa shimo moja. Tafuta mama anayeosha mawe, dereva anayeyabeba, na mnunuzi mdogo anayekusanya kwa wengine. Rekebisha, kisha tafuta watano wapya.

Mtu akiendelea kukusifia, mpe mbili achague. Chora kurasa mbili kwenye karatasi, ziweke mezani, usiseme ipi ni yako. Kusema "hii mbaya" ni kazi nzito kwa mtu mwenye heshima. Kusema "nachukua ile" ni kazi rahisi, na ukiuliza kwa nini, ubaya wa ile nyingine utatoka wenyewe.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakihitaji tovuti kabisa. Omba namba za watu kumi. Anayekataa amekwisha kukujibu. Waliobaki, watumie bei kwa WhatsApp kila asubuhi kwa wiki mbili, ukiandika mwenyewe kwa mkono baada ya kupita Musompo na kusoma mbao. Ni uchovu, najua. Siku ya kumi na tano usitume kitu. Kaa kimya mpaka saa nne, uone ni wangapi watakaokuandikia: "Yaya, bei ya leo iko wapi?"

Wakiandika wawili, rudi ukaulize habari za jana. Wakiandika saba, washa kompyuta.