Wimbo Katika Kumrudishia Mzee Usemi

Mwalimu wa shule ya msingi, hasa aliyepangiwa kijijini, haulizwi habari za kusoma na hesabu peke yake. Mara nyingi mtoto huleta darasani habari ya babu yake aliyepatwa na kiharusi, akapooza upande wa kulia na kupoteza usemi. Wajukuu humwamkia, mzee hufumbua kinywa, neno lisitoke. Baada ya majuma machache wajukuu huacha kumwamkia, na wakubwa huzungumza habari zake mbele yake kana kwamba hayupo. Katika makala haya tunapenda kuwaeleza wanachuo njia moja ya kumsaidia mzee wa namna hiyo, kwani ndani yake mna ualimu zaidi kuliko uganga.

Tangu zamani imeonekana kwamba aliyepoteza usemi aweza kuimba. Mwaka 1745 Olof Dalin wa Uswidi aliandika habari za mtu aliyepooza upande wa kulia, asiyeweza kutamka ila "ndiyo", lakini aliyeimba tenzi za kanisani alizozijua. Kwa watu wengi usemi hutawaliwa na upande wa kushoto wa ubongo, ilhali katika kuimba upande wa kulia nao hushiriki sana. Hata hivyo, kuimba wimbo wa zamani si kusema: mzee aweza kumaliza beti zote na bado ashindwe kuomba maji. Mwaka 1973 wataalamu wa Boston, Marekani, Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm, walitangaza njia ya kuvuka pengo hilo. Wao walichukua maneno mafupi ya kila siku, wakayaimba kwa sauti mbili tu, ya chini na ya juu, ile ya juu ikiangukia penye mkazo, huku mkono wa kushoto wa mgonjwa ukigongeshwa mara moja kwa kila silabi.

Twaona Kiswahili kinaafikiana vizuri na njia hii, kwa kuwa silabi zake ni wazi na mkazo wake, isipokuwa katika maneno machache, hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tuchukue neno ambalo mzee analihitaji kuliko mengine: ma-ra-HA-ba. Kwanza mwalimu huvumisha sauti zake bila maneno, akiugongesha mkono wa mzee taratibu mara nne. Kisha huimba neno lenyewe, nao wakaliimba pamoja mara nyingi bila haraka. Hapo huja hatua iliyo ngumu kwa mwalimu mgeni: huanza pamoja na mzee, halafu hupunguza sauti yake na kunyamaza katikati, ili mzee amalize peke yake. Baadaye mwalimu huimba, mzee huitikia. Na mwishowe husemwa "Shikamoo", naye hujibu. Wimbo nao huondolewa kidogo kidogo hadi libaki neno la kawaida.

Njia hii humfaa zaidi mzee anayeelewa aambiwalo lakini hawezi kulitamka. Hospitali itangulie, mwalimu si tabibu. Wako wanaobakiwa na salamu na kuhesabu. Hao waanze na "nataka maji", au majina ya wajukuu. Kumwimbia mzee nyimbo za chekechea ni kumvunjia heshima. Ukitaka kumchangamsha kabla ya somo, waulize wa rika lake aliimba nini ujanani. Aliyezaliwa mwaka 1945 alikuwa na miaka 20 mwaka 1965. Huenda wake ni wimbo wa dansi, wa taarabu au wa kwaya, na si ule unaoupenda wewe.

Somo la dakika 15 kila siku lafaa kuliko saa nzima mara moja kwa juma. Kwa hiyo ni bora mwalimu amfundishe mjukuu, aliye nyumbani kila jioni. Ajifunze kugongesha mkono polepole na kungoja. Mzee akikwama kwenye silabi ya tatu, mjukuu asimmalizie neno, bali arudi kwenye kuvumisha.